Picha Zilizolala Darini

Koti lilikuwa moja tu, la rangi ya majivu, na mabega yake yalikuwa mapana kuliko mabega ya mwanamume yeyote wa milimani kwetu. Lilikuwa mali ya mpiga picha wa Same. Alilitundika kwenye msumari kando ya shuka iliyochorwa ngazi na chungu cha maua, na kila mwanamume aliyefika bila koti alivishwa hilo. Ndiyo maana, katika mwaka ule wa mwishomwisho wa utawala wa Mwingereza, ukikusanya vyeti vya wapiga kura wa upande wetu ungeona wanaume wengi wenye vichwa tofauti na kiwiliwili kimoja.

Tulilicheka sana koti hilo. Nimelitanguliza kwa sababu kicheko cha mwisho nilichokisikia siku ya kura kilihusu koti hilohilo, na baada yake sikumbuki mtu kucheka tena.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni kijijini kwetu, juu ya Makanya, mahali ambapo ukungu hulala migombani hadi jua linapopanda, na ukitazama chini unaiona nchi ya tambarare imekauka, mkonge umepangwa mistari, na moshi wa gari la moshi unakwenda taratibu upande wa Same. Huku juu kuna baridi na maji, kule chini kuna joto na ofisi. Mtu wa kwetu aliyetaka chochote cha serikali aliteremka, na akishakipata au kukikosa alipanda tena.

Kura yenyewe ilikuwa ya kumchagua mjumbe wa baraza la wilaya. Kabla ya hapo wajumbe walikuwa wakiteuliwa, nasi tulipata habari zao baada ya wao kukaa vitini. Safari hii tuliambiwa kwamba tutachagua wenyewe. Aliyetaka kupiga kura alipaswa kujua kusoma na kuandika. Hilo wengi walilipokea vizuri, kwa kuwa misheni ilikuwa imefundisha watu wengi kusoma, hata watu wazima waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Kisha likaja sharti la pili: kila mpiga kura awe na cheti chenye picha ya uso wake.

Karani wa uchaguzi alilitangaza kwenye uwanja wa shule yangu. Alikuwa kijana wa mlima huohuo, aliyesoma mbali na kurudi na viatu vyenye kamba. Alieleza kwamba mtu mmoja angeweza kuja na jina la mwingine akapiga kura mara mbili, na kwamba picha ingezuia udanganyifu huo.

Baada ya mkutano nilimwuliza, "Kuna mtu aliyewahi kukamatwa kwa kosa hilo?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Lakini anaweza kutokea."

Niliona ni jibu la mtu mwangalifu. Nilikuwa kijana, nilipenda taratibu, na nilidhani sharti likiwa moja kwa wote basi uzito wake nao ni mmoja kwa wote.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameketi mstari wa mbele siku hiyo. Alikuwa mjane, mkunga wa kijiji chote, na alikaa peke yake katika nyumba ya nyasi iliyo chini ya shule. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, katika darasa la ubatizo, na alisoma kwa kidole, polepole, bila kuruka neno. Miaka ya nyuma, wakati wa ule ugomvi mkubwa wa kodi uliowafanya wanaume wa Upare wakae Same wakigoma kurudi makwao, shangazi alikuwa miongoni mwa wanawake walioteremka kwa miguu kuwafuata. Alinihadithia mara nyingi. Walifika na vumbi hadi kwenye kope, wakasimama mbele ya ofisi, na mtu mmoja akatoka akawaambia warudi nyumbani, kwa kuwa mambo ya kodi si mambo ambayo mwanamke ana neno ndani yake.

"Nilirudi," alikuwa akisema. "Neno langu nikalipandisha mlima hivyohivyo, bila kulitua."

Jioni baada ya mkutano nilimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibu, mwalimu." Aliniita mwalimu pale tu alipotaka kunichokoza. "Hiyo picha inauma?"

"Haiumi."

"Basi nitakwenda. Nimekwisha kuvumilia vinavyouma."

"Ni safari ndefu. Na kuna nauli, na kuna ya mpiga picha."

"Mbuzi yupo."

"Yule jike? Ndiye mwenye maziwa."

"Maziwa nimekunywa miaka yote," alisema. "Kura sijapiga hata siku moja."

Mbuzi akauzwa. Sitaki kueleza mengi juu ya hilo kwa sababu kila nyumba ya nyasi ilikuwa na mbuzi wake, kuku wake au maharage yake yaliyouzwa kabla ya wakati, na wengine hawakuwa na cha kuuza wakaachia hapohapo. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa ametoka hospitali ya Gonja na mguu usiokunjika, aliketi kando ya njia akitutazama tunavyoteremka, akatupungia mkono. Alisoma Kiswahili vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Vijana waliokuwa wakikata mkonge kule chini nao hawakuja. Siku ya kwenda Same ilikuwa siku isiyoandikwa kwenye kipande chao cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku za ujira, na msimamizi hakuwa mtu wa kuelezwa habari za kura.

Tuliteremka kundi zima kungali na giza, tukapata basi Makanya. Same ilikuwa kama ilivyo siku zote, upepo, vumbi na jua lisilo na haya. Mpiga picha alikuwa amejenga kibanda cha magunia nyuma ya maduka. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na pembeni alikuwa na ndoo ya kuoshea picha. Maji pale mjini yalikuwa ya shida, hivyo ndoo hiyo ilitumika tangu asubuhi hadi jioni, na yaliyokuwamo yalianza kufanana na chai. Nililiona hilo na sikulitilia maanani.

Wanaume walipanga foleni ya koti. Mmoja mfupi, fundi seremala, alipotoka nje mikono ya koti ilimfika magotini.

"Wewe, koti limekuvaa," mwenzake alimwambia.

"Nyamaza. Hapa mimi ni mheshimiwa."

"Mheshimiwa, hebu toa mikono tuione."

Wanawake walipewa mkufu wa shanga nyeupe wavae. Shangazi aliukataa. Alimwambia mpiga picha kwamba kama serikali inataka kumjua, basi imjue kama alivyo, kwa maana siku ya kura hatakuwa na shanga. Aliketi kwenye kigoda, mikono mapajani, akatazama lile tundu la kamera kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Picha ilipotoka majini mpiga picha aliitikisa, akampa. Shangazi aliishika kwa ncha za vidole. Kioo hakikuwamo nyumbani kwake, na sidhani kama alikuwa amewahi kuutazama uso wake kwa utulivu hivyo. Aliigeuza kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho, hata nikadhani hakupendezwa.

"Imekuwaje, shangazi?"

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Bibi huyo mimi sikumjua. Alifariki kabla sijazaliwa. Shangazi alinionyesha kwa kidole taya, kisha paji la uso. Alisema alikuwa ameanza kumsahau, na kumbe muda wote alikuwa amembeba. Njia nzima ya kurudi aliitoa picha ile kifuani, akaitazama, akairudisha, mpaka nikamwambia ataichakaza.

Picha zilikusanywa, zikabandikwa kwenye vyeti na kugongwa muhuri, na baada ya muda karani alipanda navyo kijijini kuvigawa. Alisoma jina, mtu akaja, karani akalinganisha uso na picha, akakabidhi. Alipomaliza alisema, "Kila mtu akitunze cheti chake mahali salama. Kikipotea au kuharibika hakitatolewa kingine."

Mchili wetu, yaani mkuu wa kijiji aliyesimama kati yetu na serikali, aliona maneno hayo ni makavu mno. Akasimama, akaongeza ya kwake kwa Kipare. "Mmesikia. Kitunzeni kama mtunzavyo mbegu."

Watu waliitikia kwa kichwa, wote. Nami niliona amesema vizuri. Hakuna kitu nyumbani kwa Mpare kinachotunzwa kuliko mbegu. Njaa ikiingia watu watakula majani, watakula mizizi, watakwenda kuomba kwa wakwe, lakini mbegu haiguswi.

Na mbegu zetu hukaa darini, juu ya jiko. Katika nyumba ya nyasi moto huwashwa katikati, na juu yake kuna dari la fito lililokolea masizi. Hapo hutundikwa mahindi ya mbegu yakiwa na maganda yake, na maharage ndani ya vibuyu. Moshi huyapitia mchana na usiku, na kwa sababu ya moshi huo dumuzi hatoboi nafaka, mchwa hapandi, panya hapapendi. Kitu kilichowekwa ukutani huliwa na mchwa. Kilichofukiwa huoza. Kilichowekwa darini hudumu. Watoto wa kwetu hujua hivyo kabla ya kujua kuhesabu.

Siku ya kura ilikuwa bado mbali. Ukaingia ule msimu wa baridi ambao ukungu haunyanyuki, watu wanapikia ndani, na chungu cha makande hukaa motoni tangu asubuhi mpaka mahindi na maharage yakubali kulainika. Nyumba zote za nyasi zilitoa moshi, mapaa yakionekana kama yanaungua taratibu. Cheti changu kilikuwa katika sanduku langu la bati, chini ya shati la Jumapili, pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Sikukikumbuka hata mara moja.

Kura ilipigiwa shuleni kwangu. Wanafunzi walipewa mapumziko, madawati yakatolewa nje. Mimi nilipiga kura mapema, kisha karani akaniomba nisimamie foleni, watu wasisukumane. Hawakuwa na haja ya kusimamiwa. Walikuja na nguo za kanisani, wamejipaka mafuta, wakisemezana kwa sauti ya chini. Karani alikaa mlangoni na meza yake, sanduku la kura likiwa ndani nyuma ya pazia. Wa kwanza walikuwa mwenye duka, mpishi wa misheni, walimu wenzangu na wakulima wakubwa wa kahawa. Kila mmoja alitoa cheti, akalinganishwa, akaingia, akatoka. Haikuchukua muda.

Kisha akafika yule fundi seremala mfupi. Alitoa mfukoni kifurushi cha ganda kavu la mgomba, akakifungua kwa heshima, akatoa cheti. Kilikuwa kimejikunja na kuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe. Karani alikinyoosha juu ya meza, akakiinamia, akakigeuzia kwenye mwanga.

"Hili ni koti," alisema. "Mwenye koti yuko wapi?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na fundi mwenyewe akacheka. Nilisogea nikaona. Ilikuwa kweli. Kwenye picha mabega mapana ya koti yalikuwa yanaonekana kwa mbali, na pale juu ya shingo palikuwa na doa la masizi.

"Mheshimiwa amepotea," mtu alisema.

"Nipo hapa jamani," fundi alijibu.

Karani hakucheka. Alimwomba akae pembeni kidogo. Akaita anayefuata. Naye alifungua ganda la mgomba, na cheti chake kilikuwa kimeshikana na ganda. Alipokivuta, nusu ya picha ilibaki upande wa pili. Anayefuata alikuwa na kibuyu. Alimimina mezani maharage machache, kisha cheti, na cheti kilikuwa cheusi kama kioo cha taa kilichoshika masizi. Wa nyuma yake, ambaye alikuwa ameanza kufungua cha kwake ili asichelewe, aliacha mikono hewani.

Ndipo sauti zilipokatika. Mmoja baada ya mwingine walifungua vifurushi vyao palepale walipokuwa wamesimama, wakatazama, wakavifunga tena kana kwamba wamefungua kitu cha mtu mwingine.

Mimi hupenda kupanga mambo. Nilitembea kutoka mbele ya foleni hadi nyuma nikitazama ni nani amepita na ni nani ameambiwa akae pembeni, na nilipofika mwisho wa foleni mpangilio ulikuwa wazi. Waliopita walikuwa watu wa nyumba za bati, wanaopikia jikoni nje na wenye sanduku au kabati ndani. Walioketi pembeni walikuwa watu wa nyumba za nyasi. Hakuna aliyewapanga. Hakuna aliyesema maskini wasipige kura. Lau mtu angesimama kwenye uwanja ule akalisema hilo kwa kinywa chake, nadhani wangemjibu. Lakini lilifanywa na moshi wa makande yao wenyewe, juu ya picha zilizooshwa kwa maji yale machafu ya ndoo, kwa muda wa msimu mmoja, wakiwa wamelala, kwa sababu walitii.

Shangazi alikuwa karibu na mwisho wa foleni. Niliona anakaribia nikataka kumwambia asifungue. Hakuwa amefungua bado. Alikuwa amekishikilia kifurushi chake kifuani kwa mikono miwili, kama anavyoshika mtoto mchanga kabla ya kumkabidhi kwa mama yake.

Karani alisimama alipomwona. Shangazi ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako mgongo hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Mwambie nitapita kumkanda."

"Nitamwambia, bibi." Akaketi. Akanyoosha mkono. "Cheti."

Shangazi alikifungua. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake. Picha ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyoungua, imekwaruzika kwenye kona, ila katikati, ukiitazama kwa upande, jicho moja lilikuwa bado lipo, na sehemu ya taya.

"Bibi," karani alisema, "picha haionekani."

"Mimi naonekana."

"Natakiwa nilinganishe picha na mtu."

"Sasa hivi umemsalimia nani?"

"Nimekusalimia wewe."

"Basi."

"Mimi nakujua, bibi. Cheti ndicho hakikujui."

Mtu alisema kutoka kwa walioketi pembeni, bila kupandisha sauti, "Wewe alikupokea uchi, wala hukuwa na picha."

Hakuna aliyecheka. Karani aliinamisha macho. Sina chuki naye, wakati ule wala sasa. Alikuwa ameambiwa kwamba akikiuka kanuni moja kura zote za kituo zingefutwa.

"Mimi namjua," nilisema. "Ni dada wa baba yangu. Mchili anamjua. Kila mtu hapa anamjua."

"Mwalimu, ningekuwa na mahali pa kuandika hayo, ningeyaandika."

Shangazi alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anaitazama picha. Akalamba kidole gumba, akakiweka juu ya lile jicho lililobaki, akasugua kidogo, jinsi unavyomfuta mtoto uji usoni. Alitaka kuondoa masizi. Nilijua kitakachotokea kabla hakijatokea. Ile ngozi nyembamba ya picha ililegea kwa mate, ikajikunja, ikatoka. Kwenye cheti ilibaki karatasi tupu, nyeupe, safi kuliko chochote kilichokuwa juu ya meza ile.

Alikigeuza kidole chake gumba, akatazama. Uso wote uliokuwa umebaki ulikuwa pale, umejikunja kama ganda la kitunguu.

"Huyu hapa," alimwambia karani, akimwonyesha kidole.

Karani alifunika uso kwa kiganja. Mimi nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni. Baadaye nilikikuta kimekuwa unga. Nakumbuka jambo moja la kipuuzi, kwamba jogoo aliwika nyuma ya shule na watu wawili watatu waligeuka kumtazama, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumtazama yeye.

Shangazi hakuondoka. Alikwenda kuketi kwenye dawati pamoja na wenzake, kidole kimeinuliwa kidogo ili kisiguse nguo. Walikaa hapo hadi kura ilipofungwa. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, kama wale wanawake walivyosimama Same, isipokuwa safari hii walikuwa wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu.

Jioni afisa Mzungu alikuja na Landrova kuchukua sanduku. Karani alimweleza, nami nikaitwa kusaidia. Afisa alichukua vyeti kadhaa, akavigeuza, akavinusa. Hakuwa mtu mkali. Alikunja uso kama mtu anayetaka kweli kuelewa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Kwa nini hawakuviweka ndani ya sanduku?"

Niligeuka kuwatazama walioketi kwenye madawati. Shangazi alikuwa amesikia.

"Sanduku la kuwekea nini?" aliuliza.

Hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza. Nyumbani kwake kulikuwa na vyungu, jembe, kitanda cha kamba, Biblia iliyotundikwa kwenye kikapu, na nguo nyingine moja. Mtu wa namna hiyo hununua sanduku aweke nini ndani? Afisa alisubiri nimfasirie, ingawa swali lilikuwa la Kiswahili na alikuwa amelielewa. Kisha akasema pole, akasema atalipeleka jambo hili kwa wakubwa, na sanduku la kura likapakiwa. Taa za gari zilipinda kona ya kwanza, ya pili, zikazama ukunguni.

Aliyeshinda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba ya bati, na alipokuja kushukuru alishukuru watu wote, hata wale ambao hawakupata nafasi ya kumkataa wala kumkubali.

Wiki zilizofuata nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba kuonyeshwa vyeti, kwa kuwa sikuamini macho yangu na nilitaka kujua kama nimekosea. Nilikuta nyumba moja ya nyasi yenye cheti safi; mama wa hapo alikuwa amekibana ndani ya kitabu cha nyimbo anachokwenda nacho kanisani. Nilikuta pia mkulima mmoja wa kahawa, mwenye bati zuri, ambaye cheti chake kiliungua kwa sababu mama yake mzee alikitoa kabatini akakipandisha dari la jiko la nje, akimwambia mwanawe hajui kutunza kitu. Mbali na hao mpangilio ulikuwa uleule. Nilimwuliza mchili kama anajutia maneno yake. Alisema hajui njia nyingine ya kuwaambia Wapare watunze kitu. Nilifikiri sana, na mimi sikuijua.

Lakini jioni ile ya kura, kabla ya hayo yote, nilimsindikiza shangazi nyumbani. Alifika, akachochea moto chini ya chungu, akanawa mikono, isipokuwa kidole kile. Alikibandua kile kipande cha picha kwa ukucha, akajaribu kukilaza juu ya karatasi nyeupe ya cheti mahali pake. Hakikulala. Akakifunga hivyohivyo ndani ya ganda jipya la mgomba, akapanda kwenye kigoda.

"Shangazi, hakina kazi tena."

"Najua."

"Basi kwa nini unakirudisha huko?"

Alikuwa ameshanyoosha mkono kati ya mahindi ya mbegu. "Ni mama yangu, mwalimu. Nimlaze wapi?"

Akashuka. Akanipakulia makande kwenye bakuli, akaketi ng'ambo ya moto. Nilikula. Moshi uliniuma macho, nikasogea kando kuupisha. Ulipanda polepole, ukazunguka mahindi yaliyotundikwa kwa maganda yake, ukaingia darini.